Kata, Panga, Hifadhi: Kitenzi Kitupu katika Menyu ya Kitufe cha Kulia

1.0 Utangulizi

Utingo wa basi anayeita "Ulaya! Ulaya!" katika stendi ya Kilosa hamshangazi mtu. Abiria wanajua kwamba gari linaelekea upande wa Mikumi, na kwamba Ulaya inayotajwa ni kata ya wilaya hiyohiyo, wala si bara lililoko ng'ambo ya Mediterania. Mwito huohuo ukisikika katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam utakuwa na maana nyingine kabisa. Hata asili ya neno inachekesha kidogo. Wataalamu wa asili ya maneno hulihusisha jina Ulaya na neno la Kiarabu ambalo pia limetupatia "wilaya", hivyo kwamba anwani ya "Kata ya Ulaya, Wilaya ya Kilosa" hutaja shina moja mara mbili bila ya mwandikaji wa barua kutanabahi. Kinachotenganisha maana hizo zote ni mahali aliposimama msemaji na kitu anachokielekea. Kwa istilahi ya wanaisimu, ni muktadha.

Muktadha ndio pia unaoendesha menyu inayojitokeza kwenye skrini ya kompyuta pale mtumiaji anapobofya kitufe cha kulia cha kipanya. Akibofya juu ya faili, menyu humpa mambo ambayo faili linaweza kutendewa. Akibofya juu ya picha, humpa ya picha. Akibofya pasipo na kitu, humpa machache yanayohusu mahali pale. Makala haya yanadai kwamba menyu hiyo, ambayo kwa kawaida hutafsiriwa kama orodha ya vitenzi vitupu, ndiyo sehemu ya programu inayoafikiana zaidi na sarufi ya Kiswahili, na kwamba tafsiri zilizozoeleka zimeiacha nafasi hiyo ipite. Anayeumia kwa upungufu huo ni mtu anayefanya kazi ya umma kwa Kiswahili mbele ya kompyuta, kuanzia mtendaji wa kijiji hadi karani wa zahanati.

2.0 Menyu yenyewe

Kipanya kilionyeshwa hadharani na Douglas Engelbart mjini San Francisco mwaka 1968, kikiwa na vitufe vitatu. Katika miaka ya 1970 watafiti wa kampuni ya Xerox huko Palo Alto walibuni, ndani ya mfumo wa Smalltalk, menyu zilizojitokeza papo hapo kielekezi kilipokuwa. Kampuni ya Apple ilipoitoa Macintosh mwaka 1984 ilichagua kipanya chenye kitufe kimoja tu, ili mtumiaji mgeni asipewe nafasi ya kubofya pasipotakiwa. Windows 95, iliyotolewa Agosti 1995, ndiyo iliyokifanya kitufe cha kulia kuwa mazoea ya kila siku kwa watu wengi, na Apple yenyewe ikaingiza menyu ya aina hiyo katika Mac OS 8 mwaka 1997, ingawa mwenye kitufe kimoja alilazimika kushikilia kwanza kitufe cha kibodi.

Shaka ya Apple haikuwa ya kipuuzi. Menyu hii imefichika. Hakuna alama yoyote kwenye skrini inayomwambia mtumiaji kwamba ipo, na asiyeelekezwa na mwenzake anaweza kutumia kompyuta miaka mingi bila ya kuijua. Kwa sababu hiyo wabunifu wa programu wamekuwa na kanuni kwamba jambo lolote lililomo katika menyu ya kitufe cha kulia lipatikane pia mahali pengine panapoonekana. Kanuni hiyo ni njema, na anayeongeza menyu hii katika programu yake hana budi kuizingatia kabla ya mambo ya lugha.

Tofauti kati ya menyu ya juu ya dirisha na menyu hii inaeleweka kwa urahisi na mtu aliyewahi kula katika vibanda vya stendi. Hoteli yenye orodha iliyochorwa ukutani hutaja pilau, biriani, samaki na kuku, na mteja anayeagiza biriani hujibiwa kwamba leo hakuna. Mama lishe hana orodha ya ukutani. Mteja huuliza, "Kuna nini?" naye hutaja kilichomo sufuriani saa ile, na akimwona mteja ni mzee au ni mtoto hutaja kwa kumwangalia. Menyu ya kitufe cha kulia ni jibu la mama lishe.

Kuhusu jina lake, mjadala unaweza kufupishwa. "Menyu ya muktadha" inatosha katika vitabu vya mafunzo, na mwanafunzi aliyesoma fasihi ya Kiswahili katika shule ya sekondari analifahamu neno muktadha. Wanaolipinga kwa kuwa ni gumu kwa mwanakijiji wanasahau kwamba mtumiaji halioni jina hilo popote. Menyu hujitokeza bila ya kichwa. Afadhali jitihada hizo zitumike kwa maneno anayoyaona. Kwa upande wa maelekezo, "bofya kulia" ni fupi mno, kwani kulia ni upande na ni kutoa machozi pia. "Bofya kitufe cha kulia" ni bora, tena inafuata mfano wa mkono wa kulia, ambao ulipata jina lake kwa kulia chakula.

3.0 Kitenzi kitupu na nomino tupu

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na Microsoft nayo ilitoa katika muongo huo vifurushi vya Kiswahili kwa ajili ya Windows na Office. Kazi hizo ziliondoa dhana kwamba lugha hii haiwezi kubeba mambo ya kompyuta, na maneno kama nakili, bandika na futa yamekwisha kukaa vinywani mwa vijana wanaouza huduma za kuandika na kuchapa barua mijini. Hakuna haja ya kuyabadilisha maneno yenyewe. Tatizo liko katika umbo lake yanapowekwa katika menyu.

Uchukuliwe mfano wa mtendaji wa kata, awe wa Ulaya au wa kata nyingine yoyote. Kazi yake yote huandikwa kwa Kiswahili: mihtasari ya vikao, barua za utambulisho, taarifa za mapato na matumizi, orodha za wananchi waliohamia. Katika taarifa yake amechagua neno moja, akabofya kitufe cha kulia juu yake, na mstari wa kwanza wa menyu unasomeka "Kata". Kwa mtu huyu kata ni ofisi yake, ni mhuri wake, ni neno lililopo katika kila barua anayoitia saini. Haitamchukua muda mrefu kujifunza kwamba hapa kata ni kitenzi, lakini kwa nini ajifunze? Lugha yake mwenyewe ina njia ya kumwambia.

Mfano huo hauko peke yake. "Panga" ni amri ya kupanga majina kwa alfabeti, na ni kifaa cha kufyekea shamba. "Hifadhi" ni amri ya kuweka picha mahali salama, lakini kwa mkazi wa Mikumi hifadhi ni ile ya wanyama, iliyotangazwa kuwa ya Taifa mwaka 1964, ambayo barabara kuu ya kwenda Iringa inapita ndani yake. Mtu huyo anapobofya picha na kuona maneno "Hifadhi picha" anaona nomino mbili zimesimama bega kwa bega. "Chapa" ni kupiga chapa na ni alama ya bidhaa au ya ng'ombe. "Funga" ni amri ya kufunga dirisha, na ni saumu.

Sababu ya migongano hiyo ni ya kimofolojia na inaweza kuelezwa kwa ufupi. Kitenzi cha Kiswahili kwa kawaida hutanguliwa na viambishi vya nafsi na njeo. Umbo la kuamuru kwa nafsi ya pili umoja ni la pekee kwa kuwa halitanguliwi na chochote. Nomino nazo kwa sehemu kubwa hubeba kiambishi cha ngeli, isipokuwa nyingi za ngeli za LI-YA na I-ZI, ambazo katika umoja husimama tupu. Katika sentensi maumbo hayo mawili hayagongani, maana upatanisho huyatenganisha mara moja: "kata hii", "panga lake", "hifadhi za taifa". Katika menyu hakuna sentensi. Neno limesimama peke yake, na ndipo kitenzi kitupu na nomino tupu vinapokutana. Msomaji wa Kiingereza amezoea jambo hili, kwa kuwa katika lugha yake neno lilelile hutumika kila siku kama nomino na kama kitenzi. Mtafsiri alipofuata umbo la Kiingereza, neno kwa neno, alimletea msomaji wa Kiswahili utata ambao mazoea ya lugha yake hayakumwandaa kuutatua.

Baadhi ya watu wamependekeza kitenzi-jina, yaani "Kukata", "Kunakili", "Kubandika". Umbo hili huondoa utata wa nomino, lakini linasomeka kama vichwa vya sura za kitabu cha ushonaji. Anayebofya anataka kitu kitendeke, naye anapaswa kupewa umbo la kutenda.

4.0 Kutajwa kwa mara ya pili

Umbo hilo halihitaji kubuniwa na kamati. Lipo katika maelezo ya mapishi, ambayo ni miongoni mwa maandishi ya kuamuru yenye umri mrefu na wasomaji wengi katika Kiswahili. Maelezo hayo huenda hivi: menya viazi, vioshe, kisha vikate vipande vidogovidogo, katakata kitunguu, kikaange hadi kigeuke rangi, osha mchele, uloweke. Kanuni inayotawala hapo haivunjwi hata na mpishi asiyejua kusoma. Kitu kinapotajwa kwa mara ya kwanza, kitenzi huja kitupu na nomino hukifuata. Kinapotajwa mara ya pili, nomino huachwa na kiambishi cha yambwa huingia katika kitenzi: vioshe, kikaange, uloweke. Mpishi anayesema "menya viazi, osha, kata" anaeleweka, lakini anasikika kama anayesoma telegramu.

Mtu anayebofya faili kwa kitufe cha kulia amekwisha kulitaja faili hilo. Amelitaja kwa kidole. Menyu inapojitokeza, kitu kimeshajulikana na pande zote mbili, mtumiaji na mashine, na kilichobaki ni kitendo. Kwa sarufi ya Kiswahili hapo ndipo mahali pa "Lifungue", "Linakili", "Lifute". Kama ni picha, "Ifungue", "Ihifadhi". Kama ni kiungo, "Kifuate", "Kinakili". Kama ni ukurasa, "Uchapishe". Kama ni jina la mtu katika orodha ya simu, "Mpigie" na "Mwandikie". Utata wa hapo juu unayeyuka wote kwa pamoja, kwa kuwa hakuna nomino ya Kiswahili inayoweza kuchukuliwa kuwa "likate" au "yapange". Mtendaji wa kata haioni tena ofisi yake ndani ya menyu.

Menyu za juu ya dirisha haziwezi kufanya hivyo, maana hazijui mtumiaji anaangalia nini. Huko kitenzi kitupu kina haki yake. Menyu ya kitufe cha kulia inajua, na ndiyo maana ilibuniwa.

Kuna jambo jingine ambalo kitenzi kitupu hulificha. Si kila kitenzi kilichomo katika menyu hii kina kitu kilichobofywa kuwa yambwa yake. Anayebandika habandiki kile alichokibofya. Hubandika kitu alichokinakili hapo awali, na alichokibofya ni mahali tu. Kiswahili kina namna ya kusema mahali, na tafsiri inayostahili ni "Bandika hapa", au "Bandika humu" kama kilichobofywa ni folda. Wanafunzi wa kompyuta hupata taabu kuelewa kwa nini kukata hakuoni matokeo mpaka ubandike. Sehemu ya taabu hiyo inatokana na orodha inayoweka "Kata, Nakili, Bandika" kwa sauti moja, kana kwamba vitenzi vyote vitatu vinaelekea kitu kimoja. "Likate, Linakili, Bandika hapa" huanza kufundisha kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Vivyo hivyo kuhusu kuondoa na kufuta. Katika programu nyingi mtumiaji anaweza kuondoa jina la faili kutoka orodha fulani huku faili lenyewe likibaki, au anaweza kulifuta faili lenyewe. Vitenzi vitupu "Ondoa" na "Futa" vimekaribiana mno kimaana, na aliye na haraka huvichukulia kuwa kimoja. "Liondoe orodhani" na "Lifute kabisa" havichanganyiki. Katika wilaya kama Kilosa, ambako mipaka ya mashamba na malisho imekuwa chanzo cha migogoro kati ya wakulima na wafugaji, rejesta ya ardhi ya kijiji ni faili ambalo mtu asingependa lifutwe kwa kudhaniwa kwamba limeondolewa orodhani.

Lakini manufaa makubwa zaidi ya kiambishi cha yambwa yako katika wingi. Mtumiaji huweza kuchagua mafaili mengi kwa bahati mbaya, kwa kuburuta kipanya au kwa kushikilia kitufe kimoja cha kibodi kuliko ilivyopasa, na kisha akabofya kitufe cha kulia akidhani ameshika faili moja. Neno "Futa" halimwambii lolote. Menyu inayosema "Yafute" badala ya "Lifute" imempa onyo kwa silabi moja, na kwa mzungumzaji wa Kiswahili silabi hiyo haihitaji kutafutwa kwa macho. Hugonga sikio kama kosa la sarufi linavyogonga.

5.0 Gharama na pingamizi

Pingamizi la kwanza hutoka kwa waandaaji wa programu. Maneno ya programu huwekwa kando na maagizo yake, na mtafsiri hupewa orodha ambamo neno moja la Kiingereza lenye maana ya kufuta huonekana mara moja tu, ingawa hutumika katika menyu ishirini. Mtafsiri hajui linafuta nini, hivyo huandika "Futa" na kuendelea. Kwa hiyo lawama ya kitenzi kitupu haimwangukii yeye peke yake. Dawa yake ni mwandaaji wa programu, siku anapoongeza menyu ya kitufe cha kulia, kuandika ingizo la pekee kwa kila aina ya kitu, hata kama kwa Kiingereza maingizo hayo yote yanafanana. Zana za kutafsiria programu huria, kama gettext, zimekuwa na nafasi ya kutaja muktadha wa kila neno na ya kutenganisha umoja na wingi. Kinachokosekana ni mazoea ya kuzitumia nafasi hizo.

Wala gharama si kubwa kama inavyodhaniwa na wanaotishwa na idadi ya ngeli. Vitu vinavyobofywa katika programu za ofisi si vingi: faili, folda, picha, neno, aya, jedwali, ukurasa, kiungo, ujumbe, jina la mtu. Viambishi vinavyohitajika ni li, ya, i, zi, ki, vi na u, pamoja na m na wa kwa watu. Kimoja kati yake chenye kasoro ni u, kwa kuwa "Ufute" inaweza kusomeka kama ombi kwa nafsi ya pili. Hata ikisomeka hivyo hakuna litakaloharibika; kitendo ni kilekile.

Wengine husema kwamba maneno hayahitajiki, picha zinatosha: mkasi kwa kukata, pipa kwa kufuta. Windows 11 ilijaribu njia hiyo mwaka 2021 ilipoondoa maneno ya kukata, kunakili na kubandika katika menyu yake ya kitufe cha kulia na kuweka alama tupu. Mwaka 2024 maneno yalirudishwa chini ya alama hizo. Ikiwa watu waliozaliwa pamoja na alama hizo walihitaji maneno, hakuna sababu ya kumnyima mtendaji wa kata.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaisimu wenyewe. Kamusi ya Kiswahili Sanifu huliweka neno "faili" katika ngeli ya LI-YA, lakini wazungumzaji wengi, hasa nchini Kenya, husema "faili hii". Kitenzi kitupu kilikuwa na faida ya kutochagua upande, "Lifute" inachagua. Ni kweli, na hakuna njia ya kulikwepa jambo hilo kwa ujanja. Hata hivyo, programu huchagua upande kila inapoandika sentensi nzima, kwa mfano inapotangaza kwamba faili limehifadhiwa, na hadi sasa hakuna aliyeshindwa kufanya kazi kwa ajili ya kiambishi hicho. Atakayesikia "Lifute" huku yeye mwenyewe akisema "ifute" atajua kinachofutwa. Anayesoma "Futa" pekee hana hakika hiyo.

Wengi wa watumiaji wa leo hawana kipanya. Wana simu, na menyu yao hujitokeza wanapobonyeza kitu na kukishikilia. Kidole kiko juu ya kitu chenyewe, ujumbe mmoja au picha tatu za harusi, na menyu inayofunguka chini ya kidole hicho bado inasema "Futa". BAKITA na TATAKI zinaweza kuwapa watafsiri jedwali la viambishi tisa kwa ukurasa mmoja. Jedwali hilo limo tayari katika vitabu vya sarufi vya shule, katika sura ya upatanisho, na linachohitaji ni kuongezewa safu moja ya vitu vinavyobofywa.